Nyumba ya fremu ya chuma, mlango unaong'ata na radi za huku kwetu: Fundi anajibu wasomaji

Huku Nyanda za Juu Kusini mvua inaanza Novemba hadi Aprili huko, na ikianza tu maswali ya radi na shoti yanakuja kwa mafungu. Mwezi huu nimechagua machache. La kwanza nimelijibu kirefu kuliko mengine kwa sababu siku hizi watu wengi wanajenga kwa skwea paipu na bodi, na wayaringi ya nyumba ya tofali ukiihamishia kwenye nyumba ya vyuma vile vile ilivyo, unatafuta matatizo.

Fundi shikamoo. Nipo Uyole, nimejenga nyumba ya fremu ya chuma, nguzo skwea paipu, kuta bodi za simenti, kenchi za chuma na bati geji 30. Umeme umeingia mwezi wa tisa. Mvua ilipoanza mlango wa jikoni ukiushika mkono umelowa unang'ata, sio sana lakini unausikia, na jana mtoto kashika bomba la nje kalia. Fundi aliyefanya wayaringi kaja kasema atavuta waya toka kwenye fremu aufunge kwenye nyutro pale DB, kwenye boksi la breka, na itakaa sawa. Majirani nao wananitisha eti nyumba ya chuma inaita radi, niweke arresta, ile fimbo ya kinga radi, haraka. Nianze na lipi? (Mama wa watoto wawili, Uyole)

Marahaba dada yangu. Kabla hujamaliza kusoma nenda kazime mein switchi. Mlango unaong'ata kidogo leo unaweza kuua kesho mtoto akiwa peku kwenye sakafu yenye maji, hiyo sio ya kusubiri hela ya mwisho wa mwezi. Umeme ubaki umezimwa mpaka aje mtu mwenye leseni ya EWURA na vipimo mkononi, sio mwenye tasta ya bisibisi peke yake.

Na huyo fundi wako mwambie hapana, kwa herufi kubwa. Kufunga fremu kwenye nyutro ndani ya DB nimekuta kwenye nyumba nyingi na inanikera kila nikiiona, maana siku ya kwanza inaonekana imefanya kazi kweli, mlango hauumi tena, mteja kafurahi, hela kalipwa. Sasa subiri nyutro ikatike huko nje, mti umeangukia waya au koneksheni imelegea kwenye nguzo, mambo ambayo msimu huu ni ya kawaida kabisa. Umeme uliopita kwenye taa na friji lako unakosa njia ya kurudi, kwa hiyo nyutro yote ya ndani inapanda kuelekea 230 volti, na wewe umeshaifunga kwenye nyumba. Mlango, dirisha, bati, kamba ya chuma ya kuanikia nguo iliyofungwa kwenye nguzo, vyote vina moto. Na breka haitaruka, kwa sababu yenyewe haioni shoti yoyote.

Tatizo lako lina sehemu mbili. Kuna mahali umeme unavujia kwenye fremu, na fremu haina njia nzuri ya kuupeleka huo umeme ardhini wala kifaa cha kuukata.

Kuhusu kuvuja, kwenye nyumba za fremu mimi huwa naanzia kwenye skrubu. Waya unapitishwa ndani ya ukuta, alafu anakuja mtu wa bodi na drili yake anapiga skrubu bila kujua waya umepita wapi, ncha inachana ganda la waya na skrubu yenyewe imeng'ata chuma, hapo laini na fremu washakuwa ndugu. Sehemu nyingine ni pale waya unapopita kwenye tundu lililotobolewa kwenye chuma bila raba, ile kingo ni kali kama kisu na nyumba ya chuma inatanuka mchana na kusinyaa usiku, baridi ya Uyole mnaijua, basi kila siku ganda linasagwa kidogo kidogo. Aliyekuja na mega, kile kipimo cha ganda la waya, apime kila laini peke yake, vifaa vikiwa vimechomolewa na umeme umezimwa, itajulikana ni ipi mbovu. Waya wa laini hiyo utolewe uwekwe mpya ndani ya bomba la plastiki, na kila tundu la chuma livishwe raba. Kuzungushia selotepu hapana.

Sasa ethi, yaani njia ya kupeleka umeme ardhini. Hapa watu wengi wanadanganyika, wanaona rodi imechimbiwa nje na waya wa kijani na njano umefungwa, wanaamini breka itaruka umeme ukigusa chuma. Tupige hesabu. Rodi ya mita 1.2, ile ya kawaida ya madukani, ukiichimbia kwenye udongo mzuri wenye ukinzani wa ohm-mita 100 inakupa ohm kama 70. Gawanya 230 kwa 70 unapata ampea 3 na kitu. Breka ya soketi ni ampea 20 au 32. Ampea 3 kwake ni kama pasi imewekwa moto mdogo, itakaa hivyo hivyo mpaka asubuhi huku mlango wako ukiwa na umeme. Na huo ni udongo mzuri, maeneo yenu kuna vile vikokoto vyepesi vya volkano ambavyo maji yanapita haraka na kiangazi vinakauka kabisa, namba inaweza kuwa mbaya zaidi ya hapo.

Kwa hiyo kinachokuokoa ni RCD, ya miliampea 30. Yenyewe haingoji ampea 20, inalinganisha umeme unaotoka kwenye laini na unaorudi kwenye nyutro, ikiona tofauti ya miliampea 30 tu inakata kabla hujamaliza kusema "mama". Kwa hesabu tupu, ili chuma kisizidi volti 50 ikiwa na RCD hiyo, ethi inaweza kuwa hata ohm 1,600, ila usilale kwenye namba hiyo, kwa kazi ya kuaminika mwaka mzima watu wa viwango vya Uingereza wanashauri isizidi 200. Kama DB yako haina RCD, iwekwe. Kama ipo na fundi kairuka kwa sababu "inasumbua inakata kata", basi ilikuwa inakwambia ukweli na yeye kaifunga mdomo. Alafu kitu kimoja ambacho hata mafundi wengine hawajui, ile tesiti batani ya RCD ukiibonyeza ikakata, inathibitisha RCD ni nzima tu, haithibitishi kuwa una ethi. Batani inafanya kazi hata rodi ikiwa imeibiwa. Bonyeza kila miezi mitatu, lakini ethi ipimwe kivyake.

Baada ya hapo ndio unaiunganisha nyumba. Waya wa kijani na njano wa milimita 10 au 16 kutoka kwenye baa ya ethi hadi kwenye fremu, kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi, boliti na washa, alafu paka rangi juu isishike kutu. Mwingine uende kwenye bomba la maji kama ni la chuma. Usidhani fremu yote ni kitu kimoja eti kwa sababu inaonekana hivyo kwa macho, iliyochomelewa kweli inaungana, ila zile za kufungwa boliti juu ya rangi unakuta kipande kimoja hakiongei na kingine. Apime kutoka kwenye kenchi hadi chini ya nguzo, isome karibu na sifuri, ikija ohm kadhaa kuna kiungo kimekaa vibaya.

Radi sasa. Majirani zako wamekosea, ila sio kwa yote. Chuma hakiiti radi. Radi inachagua kilichonyanyuka na kilichojitenga, mti mrefu, mnara, nyumba ya peke yake kwenye kilima, iwe ya chuma iwe ya nyasi. Tena nyumba ya fremu ya chuma iliyoungana kuanzia bati hadi ardhini ni salama kuliko ya tofali yenye bati lililopigiliwa kwenye mbao, kwa sababu umeme unapita kwenye ngozi ya nje na kushuka kwenye nguzo. Michael Faraday alilionyesha hilo mwaka 1836, alikaa ndani ya chumba alichokifunika kwa chuma huku nje wakikipiga umeme mkubwa, na ndani vipimo vyake havikuona kitu. Bati lililokaa juu ya mbao halina pa kwenda, likipigwa umeme unaruka kwenye chochote kilicho karibu, waya wa taa, antena, mtu.

Ila hiyo faida unaipata pale tu chini kukiwa kumefungwa. Radi ya kawaida inabeba ampea kama 30,000. Hata ukiwa na ethi nzuri ya ohm 10, ambayo ndio watu wa kinga radi wanaitafuta, zidisha utapata volti 300,000. Maana yake radi ikipiga nyumba yako haibaki sifuri, inapanda yote. Ukiwa ndani na kila kitu kimepanda pamoja hudhuriki, sawa na ndege aliyetua kwenye waya wa TANESCO. Hatari ni pale kitu kimoja kimepanda na kingine hakijapanda na wewe umesimama katikati umeshika vyote viwili. Ndio maana nawapinga wale wanaosema ethi ya radi iwe mbali na isiguse ethi ya umeme. Hapana, ziunganishwe, viwango vya kimataifa vya kinga radi, IEC 62305, vinataka hivyo hivyo.

Kwa nyumba ya chini kama yako, fimbo juu ya paa sio lazima. Bati limefungwa kwa skrubu kwenye kenchi za chuma, kenchi kwenye nguzo, tayari hiyo ni kinga. Kasoro yake ni moja, geji 30 ina unene chini ya nusu milimita, radi ikipiga moja kwa moja inaweza kulitoboa. Kama juu ya dari hujahifadhi magodoro na maboksi, tundu utaliziba. Kama umejaza vitu vinavyoshika moto basi weka fimbo fupi kwenye kofia ya paa, umeme ushikwe hapo kabla haujafika kwenye bati. Unachopaswa kufanya ni kushusha nguzo za kona, mbili zinazotazamana kwa uchache, nne ni bora, kila moja iende kwenye rodi yake ya mita 2.4 na sio 1.2. Ukiongeza urefu mara mbili unapunguza ohm kutoka kama 70 hadi 40, ila ukinunua rodi nene mara mbili hupati hata asilimia 15, kwa hiyo hela yako ipeleke kwenye urefu. Rodi zote ziunganishwe chini kwa chini kuzunguka nyumba.

Na akija muuzaji wa arresta akakwambia moja inalinda mtaa mzima, mpe chai aende. Fimbo ya mita mbili inalinda mita chache kuizunguka.

Kamwene fundi. Nipo Iringa, upande wa Gangilonga, kiwanja changu ni mwamba mtupu. Fundi kapiga rodi ikaingia nusu mita ikagoma, kaikata juu kwa gurainda ili ionekane imeisha yote. Nimemuona. Kasema ataweka chumvi na mkaa. Nyumba ndio inaanza, msingi wa zege bado haujamwagwa, juu itakuwa fremu ya chuma. (Mjenzi)

Kamwene kaka. Bahati yako ni hiyo sentensi ya mwisho. Usimwage zege bado.

Kwenye mwamba acha kupigana na rodi, lala chini. Chimba mtaro kuzunguka nyumba, nusu mita kwenda chini na mita moja kutoka ukutani, uweke flatibaa ya chuma iliyopakwa zinki, iungane kuwa duara, urudishie udongo laini na sio mawe uliyotoa. Mita 20 za chuma kilicholala kwenye udongo wa ohm-mita 500 zinakupa kama ohm 50, rodi ya mita 1.2 hapo hapo ingekupa zaidi ya 350. Kwa kiwanja cha mwamba hiyo ni tofauti ya mbali sana.

Alafu nondo za msingi. Miaka ya 1940 jeshi la Marekani lilikuwa na maghala ya mabomu huko Arizona, jangwa kavu kabisa, rodi hazifanyi kazi, na mhandisi Herbert Ufer akatumia nondo zilizo ndani ya zege la msingi kama ethi. Zilifanya kazi vizuri, na alipozipima tena miaka mingi baadaye bado zilikuwa nzima. Zege linanyonya unyevu na kuushikilia, na linagusana na ardhi eneo kubwa. Kwa hiyo nondo zako za msingi zifungwe vizuri, chache zichomelewe ziwe njia moja isiyokatika, kutoka hapo toa mkia wa flatibaa kwenye kila nguzo ya kona kabla zege halijamwagwa, na boliti za kushikia nguzo ziguse hizo nondo. Ila angalia naironi. Mafundi wa sakafu wanatandika naironi kuzuia unyevu, na ikitandikwa hadi chini ya msingi wa kuta inalitenga zege na ardhi, kazi yote inakuwa bure. Chini ya sakafu sawa, chini ya msingi usikubali.

Chumvi na mkaa, sikatai kwamba vinashusha ohm. Vinashusha siku ya kupimwa. Mvua mbili tatu za Iringa chumvi imeshaoshwa, na iliyobaki inakula rodi taratibu. Ukipata bentonaiti, ule udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa, tumia huo.

Shaba usiipendelee kwenye hii kazi. Kwanza inaibiwa, wauza vyuma chakavu mnawajua, waya wa shaba unaoning'inia nje unaondoka usiku. Pili shaba ikigusa chuma chenye zinki kwenye unyevu zinki inaliwa, kwa hiyo kama ni lazima uunganishe tumia klampu za metali mbili au lagi zilizopakwa bati, na maji yanayotiririka juu ya shaba yasishukie kwenye paa lako. Huyo aliyekata rodi kwa gurainda mimi nisingempa kazi nyingine, wewe amua.

Habari fundi. Makambako hapa. Nina ethi, nina RCD, nina frijigadi mbili, na bado radi imeunguza TV na king'amuzi. Radi haikupiga kwangu, ilipiga mbali huko. Kosa liko wapi? (Mwenye duka)

Hakuna kosa bana, ni vifaa vya kazi nyingine umevitegemea kwa kazi hii. RCD inalinda watu. Frijigadi inaangalia umeme ukipungua au ukizidi taratibu, inasubiri, inakata, inarudisha. Msukumo wa radi unapita ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde, gadi ndio kwanza inaamka. Na sio lazima ipige kwako, ikipiga laini ya umeme kilomita kadhaa huko msukumo unasafiri kwenye waya hadi kwenye soketi yako.

Unahitaji SPD, kifaa cha kuumeza msukumo wa radi, ndani ya DB, ya daraja la pili, na kama una fimbo ya kinga radi juu ya paa au laini yako imetoka nguzoni ikiwa peke yake mahali pa wazi basi daraja la kwanza au ile ya mchanganyiko. Waya zake ziwe fupi, jumla isizidi nusu mita, maana kila sentimita inaongeza volti zinazobaki kwa TV. Nimekuta SPD nzuri ya bei imefungwa kwa waya wa mita mbili umeviringishwa vizuri kama zawadi, hapo umepamba tu. Na dishi lako nalo ni mlango, mlingoti wake uunganishwe na fremu au ethi ile ile, king'amuzi mara nyingi kinaunguzwa kupitia kebo ya dishi wakati soketi imezimwa. Kabla ya mvua kubwa chomoa plagi na kebo pia. Kuzima swichi ya ukutani haitoshi, ile nafasi ya milimita tatu kwa radi sio kitu.

Fundi wangu, ndaga fijo kwa kazi yako. Bibi hapa Tukuyu anatufunikisha vioo na kutukataza nguo nyekundu mvua ikinyesha, na mjomba anasema ile iliyoua ng'ombe wa jirani chini ya mparachichi ni radi ya Sumbawanga imetumwa. Je na simu tuzime? (Mwanafunzi)

Bibi mheshimu, kufunika kioo hakumuumizi mtu. Ila rangi ya nguo radi haiioni. Ng'ombe wa jirani hakutumiwa kitu, mti ulipigwa, umeme ukasambaa ardhini kuanzia kwenye shina, na miguu ya mbele ya ng'ombe ikawa kwenye volti moja na ya nyuma kwenye nyingine, umeme ukapita tumboni na kwenye moyo. Mnyama mwenye miguu minne iliyoachana ana bahati mbaya hapo kuliko mtu. Ndio maana chini ya mti hapana, hata kama mvua inakulowesha.

Simu ya mkononi haivuti radi, ongea tu. Simu iliyo kwenye chaja iliyochomekwa ukutani ndio usiishike, na usioge wala kuosha vyombo kwenye bomba la chuma kipindi hicho. Hesabu sekunde toka mwanga hadi mngurumo, kila sekunde tatu ni kilomita moja hivi, zikiwa chini ya sekunde 30 ingia ndani na ukae mpaka dakika 30 zipite tangu mngurumo wa mwisho. Na mwambie mjomba kwamba aliyepigwa na radi hana umeme mwilini, mshikeni hapo hapo, kama hapumui mwanzisheni kubonyezwa kifua huku mwingine anatafuta gari, wengi moyo wao umesimama tu na unaweza kurudi.